Siku Tatu za Kupoza Kioo

Tarehe 6 Januari

Binti yangu,

Salamu zako za mwaka mpya zilifika jana. Sikuzifungua jana kwa sababu wino ulikuwa umekwisha, na desturi yangu unaijua: sifungui barua siku ambayo siwezi kuijibu. Barua iliyosomwa ikaachwa mezani ni kama mgeni aliyekaribishwa ndani akaachwa amesimama. Leo nimenunua wino, nimeifungua, na leo ninakujibu.

Sisi ni wazima. Shangazi yako amehamia chumba cha nyuma tangu mwezi wa kumi na moja. Anasema amekuja kunitunza. Mpaka sasa ameunguza birika moja, amehamisha koleo zangu zote ili, kwa maneno yake, meza ipate kupumua, na mbele ya wateja ananiita "huyu mtoto" kwa kuwa amenizidi miaka miwili.

Sasa nisikilize. Mama yako alitutoka miezi saba iliyopita. Hukufika kumzika, nami nilikuandikia maneno makali. Sitayarudia, na siwezi kuyafuta. Ulisema kwamba tanuri la kioo halizimwi na kwamba siku zile ulikuwa peke yako karakanani. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Siku mama yako alipokuwa akikuzaa, mimi nilikuwa nimeinama juu ya mkufu wa bibi harusi, nalehemu pingili moja moja, na sikuinuka mpaka mkufu ulipokamilika. Mama yako hakuwahi kunilaumu. Nadhani hata wewe hakukulaumu.

Aliacha bangili sita za fedha. Nilizifua mwenyewe kwa ajili yake mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alizivaa akifua nguo, akipika, akinifokea. Sitaki zikae kwenye kisanduku zikiota weusi. Chama cha mafundi wa mikono kitafanya maonyesho mwezi wa tatu katika ukumbi wa maktaba, na kila fundi anayefanya kazi peke yake atapewa meza. Ninataka juu ya meza yangu kiwe kitu kimoja tu: gudulia la kioo ulilopuliza wewe, na shingoni mwake ukanda wa fedha ya bangili za mama yako. Kwenye kadi yataandikwa majina yetu sote wawili.

Zamani nilisema kwamba kioo ni kazi ya pumzi, haina mfupa. Basi nipe pumzi, nami nitaitia mfupa.

Usishangae mwandiko. Kalamu hii mpya inakwaruza.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 19 Januari

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya tanuri. Mwalimu wangu, mama mwenye karakana hii, aliniona nikifuta macho akaniuliza kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo, kidogo.

Nitalipuliza. Litakuwa la kijani hafifu sana, rangi ya maji ya kisima kirefu ukiyatazama kutoka juu. Tumbo pana, shingo nyembamba, mkono mmoja, kitako kinene ili lisimame imara hata shangazi akipita karibu. Nikimaliza nitapima shingo kwa uzi, nikutumie huo uzi, nawe ufue ukanda kwa kipimo hicho.

Lakini kuna jambo lazima ulijue, kwa maana fedha haina tabia hii. Fedha ukiitoa motoni unaitumbukiza majini, na inakushukuru. Kioo ukikitoa motoni ni lazima ukifungie katika tanuri la pili, la kupozea, upunguze moto kidogo kidogo. Gudulia la kitako kinene linataka siku tatu, mchana na usiku, na mlango usiguswe. Likitolewa mapema, nje huwa limepoa na ndani bado lina moto, na pande hizo mbili huvutana. Kwa macho huoni kitu. Linaweza kukaa mwezi mzima likimeremeta, kisha siku moja likapasuka, limeguswa au halijaguswa. Mwalimu wangu anasema kioo cha namna hiyo kimekaa na kinyongo.

Kwa hiyo usinihimize. Nikisema siku tatu, ni siku tatu.

Mwambie shangazi aniachie koleo zako mahali pake.

Binti yako

*

Tarehe 30 Januari

Binti yangu,

Uzi siutaki. Uzi ni shahidi mwongo: ukiuvuta unasema hivi, ukiulegeza unasema vile. Ulikaa kwenye meza yangu miaka sita na hukuniona hata siku moja nikipima kwa uzi. Chukua waya wa shaba ulio laini, uzungushe shingoni chini ya mdomo, sokota ncha zake, kisha uutoe kwa kuupandisha juu bila kuukunja. Utie alama mahali ulipo mkono wa gudulia. Ufunge ndani ya pamba, katika kopo gumu. Tengeneza miwili, mmoja ubaki kwako. Ukikosea kwa unene wa unywele, ukanda utacheza, na ukanda unaocheza si pambo, ni kelele.

Bangili nimeziyeyusha leo asubuhi. Ni tano tu. Ya sita shangazi yako aliivaa "kuijaribu", na sasa anadai imemkaza mkononi. Tumetumia sabuni, tumetumia mafuta. Ninaamini hajajitahidi.

Habari za kinyongo cha kioo nimezielewa. Sitakuhimiza. Fundi anayehimizwa hafanyi kazi, anafanya haraka.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 11 Februari

Baba, shikamoo.

Kopo hili lina pamba, na ndani ya pamba mna pete ya waya wa shaba, na alama ya mkono nimeikwaruza kwa ncha ya sindano. Nimeupima mara nne. Mara ya nne mwalimu wangu aliniuliza kama huyo baba yangu ni sonara au ni hakimu.

Gudulia lilitoka vizuri. Limekaa siku zake tatu, na sasa liko rafuni, limefunikwa kwa kitambaa. Asubuhi jua likiingia dirishani huwa ninalifunua kidogo, nalitazama, nalifunika tena. Mama angenicheka.

Pete ya pili ya waya ninayo. Nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Binti yako

*

Tarehe 22 Februari

Binti yangu,

Ukanda umekamilika. Ulichukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Fedha hii ilikuwa kaidi. Nimeujaribu kwenye pete yako ya waya na umeingia bila kusukumwa. Ukingo wa chini nimeuacha wazi, nao nitaulaza juu ya kioo kwa chuma cha kusugulia, kwa mkono, mara gudulia litakapofika. Ni kazi ya saa moja.

Maonyesho yatafunguliwa tarehe 20 Machi. Yule muuza vitambaa wa mtaa wetu anakuja huko kwenu kununua mali, na ataondoka Alhamisi tarehe 8. Mkabidhi gudulia mkononi mwake, wala usimkabidhi mtu mwingine. Hatakuwa na safari nyingine kabla ya maonyesho.

Sijawahi kukwambia hivi, na huenda nisikwambie tena: nimekuwa nikiamka nikiwa na hamu ya kazi hii.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 8 Machi

Baba, shikamoo.

Ninaandika juu ya goti, muuza vitambaa ananingoja na amekwisha kutazama saa mara mbili. Gudulia liko katika sanduku la mbao, limezungushiwa majani makavu na blanketi. Shingo ni sawasawa na waya, nimelipima tena leo. Limepulizwa vizuri, limepozwa vizuri, kila kitu ni kama kinavyotakiwa. Usiwe na wasiwasi wowote.

Ulaze ukingo polepole, Baba.

Binti yako

*

Tarehe 21 Machi

Binti yangu,

Sanduku lilifika salama. Ukanda umekaa mahali pake. Gudulia liko ukumbini, meza ya tatu kutoka mlangoni, karibu na vyungu vya yule mama mfinyanzi. Watu wanasimama na kulitazama.

Kazi yako haina kasoro. Nimeona niseme hivyo kwa maandishi.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 30 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimemsomea mwenye nyumba, nimemsomea hata mama anayeniuzia mkaa. Neno "haina kasoro" nimelirudia mpaka wamenikimbia. Miaka sita kwenye meza yako sikuwahi kulisikia.

Nilikuwa na hofu kubwa, siku hadi siku. Hofu ya safari, ninamaanisha. Sasa nimelala usingizi.

Mwezi wa tano mwalimu wangu atarudi kutoka kwa mwanawe, na kutakuwa na mtu wa kulisha tanuri. Nitakuja. Ninataka kuliona likiwa na fedha ya Mama. Tulijaze maji, tunywe sote watatu, shangazi akiwa wa mwisho kwa ajili ya ile bangili.

Binti yako

*

Tarehe 9 Aprili

Binti yangu,

Usije mwezi wa tano. Maonyesho yamekwisha, na gudulia nimelifungia kabatini. Si kitu cha kunywea maji.

Nimeamua kupumzika kidogo. Kalamu bado inakwaruza.

Baba yako

*

Tarehe 2 Mei

Cheche mwanangu,

Hujambo? Mimi shangazi yako sijambo, ila miguu. Najua huniandikii kwa sababu baba yako amekwambia mimi ni mwizi wa bangili. Hayo tutayazungumza. Leo nakuandikia jambo ambalo nimekatazwa kuliandika, kwa hiyo barua hii uisome, kisha uitie kwenye hilo tanuri lenu.

Gudulia halikufika kwenye maonyesho. Lilivunjikia mezani kwa baba yako.

Nilikuwapo. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti cha wateja namenya viazi. Ukanda ulikwisha kuingia, umekaa kama umezaliwa hapo. Akachukua chuma chake akaanza kuulaza ukingo. Alikuwa amefika nusu. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu aliyekata kucha, na gudulia likafunguka mikononi mwake. Vipande vikaangukia kwenye ile ngozi ya kudakia vumbi la fedha. Alibaki ameushika ukanda, mzima, mviringo, haukuguswa.

Cheche, sasa nikwambie usilolijua. Mkono wa kulia wa baba yako unatetemeka. Si jana wala juzi. Ulianza kabla ya kifo cha mama yako. Chai anakunywa kwa mikono miwili. Ukanda ule, kazi ambayo zamani angeimaliza kwa siku tatu, ulimla wiki nzima na zaidi, na alikuwa akijifunga kifundo cha mkono kwa mshipi wa ngozi kwenye mguu wa meza ili utulie. Mimi ndiye niliyekuwa nikiufunga huo mshipi. Nilimwambia, "Mdogo wangu, mwambie mtoto." Akaniambia, "Nikimwambia hataniletea kioo chake." 

Baada ya lile gudulia aliketi palepale mpaka jua likatua. Kisha akasema maneno haya tu: "Ameniamini, nami nimeivunja kazi yake kwa mkono wangu." Siku ya maonyesho alikwenda, akaketi nyuma ya meza tupu yenye kadi ya majina yenu wawili, toka asubuhi mpaka walipofunga milango. Watu walidhani anaingojea mali. Kesho yake ndipo alipokuandikia kwamba watu wanasimama na kutazama. Ni kweli, walisimama. Walikuwa wakimtazama yeye.

Meza ameifunika kwa shuka. Tupa zake nzuri za kulainishia fedha amempa yule fundi saa wa kona. Wateja wakija anawaambia sonara amehama. Juzi nilimfanyia mzaha, nikamwita "huyu mtoto" mbele ya jirani, hakunijibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Vipande vimo kwenye shuka ya pili, kabatini. Haruhusu mtu avishike.

Usimwambie kwamba nimekwambia. Lakini mwandikie kitu. Wewe unajua kumwandikia.

Shangazi yako

*

Tarehe 11 Mei

Baba, shikamoo.

Nimepata habari kwamba gudulia lilivunjika. Usiulize nimezipata wapi. Nyumba yetu ina watu wawili, na wewe hukuniambia. Usimkasirikie.

Si mkono wako uliolivunja. Ni mimi.

Lile gudulia la kwanza, lililokaa siku tatu, halipo. Tarehe 5 Machi nililitoa rafuni nilioshe kabla ya kulifunga kwenye sanduku, likaniteleza kwenye beseni. Zilikuwa zimebaki siku tatu muuza vitambaa aondoke. Nikapuliza jingine. Shingo haikulingana na waya. Nikapuliza la pili, haikulingana. La tatu likalingana, Jumanne jioni, na nikalifungia kupoa. Alhamisi alfajiri nililitoa. Baba, halikupata hata siku mbili. Mwalimu wangu hakuwapo. Angekuwapo angenikata mikono. Nilikuwa ninajua. Nilikuwa nimekuandikia mwenyewe, kwa mwandiko wangu, nikakwambia usinihimize, na hukunihimiza. Nilijihimiza mwenyewe, kwa sababu ulisema umekuwa ukiamka na hamu, na sikuweza kukuandikia kwamba hakuna gudulia.

Nikakuandikia kwamba limepozwa vizuri.

Kisha barua yako ya Machi ikaja, ukasema limesimama ukumbini, nikamshukuru Mungu, nikanyamaza. Ningekuwa mtu mwema ningesema hata wakati ule.

Hutaniamini kwa maneno, kwa hiyo ninakuomba ushahidi uusome mwenyewe. Vitoe vipande, uvipange. Kila kipande kina ukingo uliovunjika; uinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mistari myembamba iliyojikunja kama ukucha, mmoja nyuma ya mwingine. Mgongo wa kila ukucha unaonyesha ufa ulikokuwa ukielekea, na tumbo lake linaonyesha ulikotoka. Uifuate mpaka mwanzo. Mkono ukivunja kioo, ufa huanzia pale mkono ulipogusa, yaani shingoni. Kinyongo kikivunja kioo, ufa huanzia penye unene, kwenye kitako, ukapanda juu. Wewe umesoma chuma maisha yako yote. Soma na hiki.

Ukikuta umeanzia shingoni, mimi ni mwongo mara mbili. Lakini hutakuta.

Zichukue tena tupa zako kwa fundi saa. Ondoa shuka mezani. Na kuhusu mkono wako, Baba, ungeniambia tu, ningekuja kuufunga mshipi mimi.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Binti yako

*

Tarehe 3 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nilimwandikia Baba tarehe 11 mwezi uliopita, kisha tarehe 19, kisha tarehe 27. Hajajibu hata moja. Yeye ambaye hajawahi kulala na barua yangu bila kuijibu. Je, amekasirika kiasi hicho? Au zimepotea njiani?

Kama zimefika, ninakuomba umsihi aisome ile ya kwanza. Usimsomee wewe, na usiifungue. Si kwamba sikuamini, shangazi. Ni jambo ambalo lazima litoke kwangu liingie kwake bila kupita kwa mtu. Nimelikosea njia mara moja, sitaki kulikosea tena.

Mwalimu wangu amerudi. Nitafika mwisho wa mwezi huu, apende asipende.

Cheche

*

Tarehe 15 Juni

Cheche mwanangu,

Keti kwanza.

Baba yako ametutoka Jumapili, tarehe 10. Ilikuwa homa ya mapafu, siku tano tu. Barua yako ya tarehe 3 ilifika siku tuliyomzika. Fundi saa alibeba jeneza mbele, na tupa alizokuwa amepewa alizirudisha siku ileile, akaziweka mezani mwenyewe, akaondoka.

Barua zako zilifika zote. Nilizipokea kwa mkono wangu, nikampelekea kwa mkono wangu. Ya kwanza aliigeuza huku na huku, akanusa, akasema, "Inanukia moshi wa kwake." Nikamwambia ifungue basi. Akasema hawezi kuijibu leo. Mkono, Cheche. Ile ya Aprili ndiyo barua yake ya mwisho, na ilimchukua kutwa. Nikamwambia, "Nikuandikie mimi, wewe useme tu." Akasema, "Barua ya binti yangu itaandikwa na mkono wangu. Kesho." Ikaja ya pili, akasema kesho. Ikaja ya tatu. Nilimgombeza. Nilimwambia hiyo si desturi, huo ni ukaidi, mgeni gani huyu anayeachwa nje ya mlango kwa sababu mwenye nyumba hana kiti kizuri? Alicheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka.

Sikujua kulikuwa na nini ndani. Ungeniandikia mimi neno moja, Cheche, moja tu, ningelisema mbele yake akitaka asitake. Sikulaumu. Nalisema kwa sababu nisipolisema litanikaa kooni.

Baada ya mazishi nilifungua droo ya tupa ili nizirudishe mahali pake. Barua zako tatu zilikuwa humo, hazijafunguliwa, na chini yake karatasi za daftari, nyingi. Nilidhani ni michoro ya mikufu. Si michoro. Ni maneno mawili, yale yale, ukurasa hadi ukurasa: "Binti yangu". Ya mwanzoni hayasomeki, ni kama njia ya sisimizi. Ya katikati yana herufi kubwa kubwa, za mtoto wa darasa la kwanza. Kila siku ametia tarehe. Alikuwa akijifunza tena kuandika, nami nikidhani amejifungia mle ndani kwa huzuni. Ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 4 Juni, kesho yake ndiyo homa ilipoanza. Nimekuwekea humu. Unasomeka.

Barua yako nimeifungua, nisamehe. Nimeisoma mara tatu. Kisha nikavitoa vipande, nikavipanga kwenye meza yake, nikavaa miwani yake kwa sababu yangu haioni vitu vidogo, nikaviinamisha dirishani kama ulivyosema. Mimi si fundi. Lakini hata mimi niliona. Kucha zote zinarudi chini, kwenye kitako.

Nimeiambia ile meza. Hakuna mwingine wa kumwambia.

Ndani ya kisanduku hiki mna ukanda. Mna pia bangili ya sita. Ilitoka yenyewe wiki iliyopita, nikinawa; nimekonda. Wala haikuwa imenikaza, mwanangu, hata siku ile. Nilitaka ibaki moja ambayo haijayeyushwa.

Njoo ukiweza. Usiponikuta jikoni nitakuwa nimeketi kwenye kiti cha wateja.

Shangazi yako

*

Tarehe 25 Juni, Jumatatu

Baba, shikamoo.

Barua yako ya maneno mawili imenifikia leo mchana. Nimeifungua leo, na ninakujibu leo.

Shangazi ameusoma ufa. Umeanzia kwenye kitako. Ukingo uliokuwa umeulaza, ile nusu uliyoimaliza, nimeupitisha kwenye kidole gumba nikiwa nimefumba macho. Sikupata mahali popote palipokwama. Ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa meza, na sikupata mahali palipokwama.

Nilipomaliza kuusoma ukurasa wako niliiondoa pete ya waya kwenye msumari, nikaenda tanurini. La kwanza halikulingana. La pili halikulingana. Mwalimu wangu alitaka kunishika mkono nipumzike, kisha akaniacha. La tano limelingana. Ni kijani hafifu, na kitako ni kinene.

Saa kumi jioni nimelifungia kupoa. Nimevuta kiti, nimeketi mbele ya mlango, na karatasi hii iko juu ya goti.

Nitaufungua mlango Alhamisi saa kumi. Sitaufungua kabla.

Binti yako